Fomu za TP kabatini na ripoti iliyobadilishwa tarehe: mratibu wa programu ya ualimu aanzie wapi?

*"Mimi ni mhadhiri katika chuo kikuu kimoja binafsi hapa Tanzania, na tangu Oktoba nimekuwa mratibu wa programu ya Shahada ya Elimu (Sanaa). Mtaala wetu unatimiza miaka mitano mwakani, kwa hiyo tunatakiwa kujitathmini na kuupeleka upya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania). Tuna wahadhiri 11 wa kudumu na wanafunzi wapatao 700. Kila mwaka tunaandika 'ripoti ya uboreshaji', lakini kusema kweli tunachukua ya mwaka uliopita na kubadilisha tarehe. Kabatini kuna marundo ya fomu za wanafunzi za kutathmini wahadhiri, na fomu za TP (mazoezi ya kufundisha shuleni) ambazo hakuna anayezigusa baada ya alama kuingizwa kwenye mfumo. Mkuu wa kitivo anataka tutafute mshauri wa kutuandikia ripoti. Wenzangu wengine wanasema tusiandike udhaifu wowote, tutajifunga wenyewe. Na wanafunzi wa mwaka wa tatu wananiuliza kama vyeti vyao vitakuwa na shida. Nianzie wapi?"*

Hongera na pole kwa pamoja, Mwalimu. Ndivyo tunavyowapokea waratibu wapya. Barua yako nimeisoma mara mbili. Juu juu unauliza habari za ripoti, lakini ninavyokuelewa kinachokunyima usingizi ni kwamba mmekuwa mkiandika uboreshaji ambao haukufanyika, na sasa watu wa nje wanakuja kuuliza ulifanyika wapi. Basi jua hauko peke yako. Mimi mwenyewe nilipokuwa mratibu nilibadilisha tarehe miaka miwili mfululizo. Mwaka wa tatu nikasahau kuibadilisha kwenye ukurasa wa nne, na mjumbe mmoja wa Seneti, baraza kuu la taaluma la chuo, akausoma ukurasa ule kwa sauti mbele ya kikao kizima. Nilichojifunza baada ya aibu ile ndicho nitakachokuandikia hapa.

Wanafunzi wako wa mwaka wa tatu kwanza, maana jibu lao ni fupi. Mtaala kupitiwa upya si mtaala kufutwa. Hao wanamaliza kwa mtaala uliokuwa umeidhinishwa walipodahiliwa. Hata mwaka 2017, TCU ilipovizuia vyuo 19 kudahili, zuio lililenga wanafunzi wapya. Cha kuhakikisha kwa ajili yao ni kingine, na ni kidogo mpaka watu hukidharau: jina la programu kwenye barua ya idhini ya TCU lifanane neno kwa neno na linaloandikwa kwenye cheti na kwenye transkripti. "Shahada ya Elimu (Sanaa)" na "Shahada ya Sanaa na Elimu" si kitu kimoja, na tofauti hiyo anayekuja kuisumbukia ni mhitimu, miaka mitatu baadaye, mbele ya dirisha la mtu anayehakiki vyeti. Kaitafute barua hiyo leo. Kama haipatikani ofisini kwako, hiyo ni habari ya kwanza ya kuandika kwenye tathmini yenu.

Uwaeleze pia kwamba ithibati ya programu, yaani kutambuliwa rasmi kuwa inakidhi viwango, na haki ya mtu kufundisha ni milango miwili. TCU inathibitisha chuo na shahada. Mwalimu mwenyewe, kama mwanataaluma, anashughulikiwa na Bodi ya Kitaalamu ya Walimu iliyoanzishwa kwa sheria ya 2018, na ajira serikalini siku hizi inapita kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Majirani zetu Kenya wanaiona tofauti hii vizuri zaidi: Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inaidhinisha shahada, lakini TSC, tume inayosimamia walimu, ndiyo inayosajili mwalimu, na inafunua mpaka matokeo yake ya kidato cha nne, ikitaka C+ ya jumla na C+ katika masomo mawili anayofundisha. Kuna watu walimaliza shahada halali ya chuo halali na mlango wa pili ukawakatalia. Chuo kinachojua hilo huwaambia wanafunzi siku ya kwanza, hakisubiri mahafali.

Sasa tuje kwenye ithibati yenyewe. Kabla ya TCU kulikuwa na Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu, lililoanzishwa 1995, enzi vyuo binafsi vilipoanza kuota na serikali ikataka kujua kipi ni chuo na kipi ni jengo lenye kibao. TCU ikachukua kazi hiyo 2005 kwa Sheria ya Vyuo Vikuu. Mzizi huo wa kutenganisha chuo na jengo ndio uliotuachia dhana potofu ambayo bado inatutesa: kwamba ithibati ni ukaguzi wa vitu. Ndiyo maana kila msimu wa wageni kuta zinapakwa rangi, kompyuta zinahamishwa kutoka ofisi ya uhasibu kwenda maabara kwa siku mbili, na vitabu vya maktaba vinagongwa mihuri usiku. Vitu vinahesabiwa, sikatai. Lakini kwenye tathmini ya programu, mtaalamu mwenza, yaani mhadhiri wa chuo kingine aliyekuja kuwatathmini, anayekaa mbele yako akili yake iko kwenye maswali mengine. Mmesema mhitimu wenu ataweza kufanya nini darasani? Mnajuaje kwamba anaweza? Mlipogundua hawezi, mlibadilisha nini?

Swali la tatu ndilo linaloangusha watu. La kwanza lina jibu kwenye mtaala, la pili mnaweza kulizungukazunguka kwa alama za mitihani. La tatu halina pa kujificha.

Hapo ndipo nawajibu wenzako wanaosema msiandike udhaifu. Mwongozo wa tathmini binafsi ambao Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, IUCEA, liliutoa 2010, na ambao vyuo vingi vya ukanda huu bado vinautumia, unataka mjipe alama kwa kila kipengele kuanzia 1 hadi 7. Alama 4 maana yake inatosheleza. Alama 7 maana yake ubora wa hali ya juu. Nimekaa pande zote mbili za meza hiyo, na naweza kukwambia mtathmini anachofanya akipokea ripoti yenye 6 na 7 tupu: anafunga ukurasa wa alama na kuanza kutafuta mnachoficha. Akikuta 3 imeandikwa, chini yake sababu, na chini yake hatua ambayo tayari imeanza, anapumua. Mmemrahisishia kazi. Udhaifu mlioutaja wenyewe unabaki mikononi mwenu pamoja na dawa yake. Aliougundua yeye unakuwa wake, na dawa ataiandika yeye, kwa tarehe ya mwisho anayoipenda yeye.

Na miaka minne iliyopita je, yenye ripoti zilizobadilishwa tarehe? Iache kama ilivyo. Nakusihi sana msikae Jumamosi moja kutunga kumbukumbu za vikao ambavyo havikukaa. Nimewahi kukabidhiwa faili la vikao vya miaka mitano ambalo karatasi zote zilikuwa nyeupe sawasawa, saini zote za kalamu moja, na mjumbe mmoja alikuwa amehudhuria vikao viwili akiwa bado hajaajiriwa. Programu yenyewe haikuwa mbaya. Ila baada ya hapo hatukuweza kuamini hata yaliyokuwa ya kweli. Andikeni sentensi mbili: kwamba ripoti za mwaka zilikuwa za kutimiza wajibu tu, na kwamba kuanzia mwaka huu utaratibu umebadilika kwa namna hii. Halafu muwe mmebadilika kweli.

Ndipo tunafika kwenye kabati lako, ambalo nalipenda kuliko kitu chochote ulichokitaja. Chomoa fomu moja ya TP tuitazame. Siijui yenu, lakini fomu za vyuo vyetu ni ndugu wa tumbo moja: juu jina la mwanafunzi, shule, kidato, somo na mada, chini yake vipengele kumi na kitu au ishirini, kila kimoja na alama zake. Azimio la kazi, andalio la somo, utangulizi, umahiri wa mada, matumizi ya ubao, zana, ushirikishwaji wa wanafunzi, upimaji wakati wa kufundisha, utunzaji wa muda, mavazi. Mwisho jumla, na mistari mitatu ya maoni ambayo karibu kila mara imeandikwa: "Amejitahidi. Aongeze sauti."

Kinachoingia kwenye mfumo ni ile jumla, na jumla ndiyo sehemu iliyo bubu kuliko zote. Mwanafunzi aliyepata 72 kwa kuijua vita ya Maji Maji kuanzia Ngarambe mpaka Ungoni, lakini hakuliuliza darasa swali hata moja, na mwenzake aliyepata 72 kwa maswali mazuri juu ya mada asiyoimudu, kwenye mfumo ni mapacha. Ongeza huruma ya mtathmini kwa kijana anayekula maharage wiki nane kijijini na posho haijaingia, alama zote zinajikusanya kwenye kikapu kimoja. Programu nzima inaonekana nzuri, na hakuna anayeweza kusema ni nzuri kwa lipi.

Sasa fanya hivi. Chukua fomu 40. Usizisome kwa mwanafunzi, zisome kwa kipengele. Mwanafunzi anasomwa kutoka juu kwenda chini. Programu inasomwa kwa kukata rundo zima ubavuni. Jumlisha alama zote 40 za "andalio la somo", gawanya kwa kiwango cha juu ambacho wote 40 wangeweza kupata, andika asilimia. Kisha kipengele kinachofuata. Kazi ya mchana mmoja kwa watu wawili na kikokotoo cha simu. Nabuni namba kukuonyesha kinachoweza kutokea: mavazi asilimia 92, andalio la somo 80, umahiri wa mada 75, upimaji wakati wa kufundisha 51. Ghafla lile rundo bubu limesema neno: vijana wetu wanaingia darasani wamependeza, wana andalio zuri, mada wanaijua, ila hawajui kama wanafunzi wao wameelewa.

Usikimbilie kuandika ripoti bado. Fungua mtaala utafute ni wapi walitakiwa kujifunza jambo hilo. Pengine utakuta kozi ya Upimaji na Tathmini, mwaka wa pili. Chukua mtihani wake wa mwisho uusome. Ukikuta swali linasema "Eleza aina tano za upimaji darasani", umefika kwenye kidonda chenyewe. Mwanafunzi anaweza kuzitaja zote tano, akapata A, akaenda shuleni na silaha moja tu: "Mmeelewa?" na darasa zima likaitikia "Ndiyooo!" Hatukumnyima maarifa, tulimpima kwa kukariri, naye akatupa tulichoomba.

Badiliko lenyewe wala halihitaji kuwa kubwa. Mhadhiri wa kozi hiyo abadilishe kazi moja ya nyumbani: kila mwanafunzi aandike maswali sita kwa mada moja ya kidato cha pili, awaulize wenzake kumi, alete majibu waliyotoa, aonyeshe swali gani limefichua kutoelewa, na aseme angerudia kufundisha nini. Kwa darasa la wanafunzi 230 kusahihisha kutauma, kwa hiyo wafanye kwa vikundi vya watano. TP ikiisha, kata rundo ubavuni tena. Upimaji umepanda kutoka 51 hadi 60? Andika. Umebaki palepale? Andika hivyohivyo, na useme mtajaribu nini kingine. Mwaka mmoja, jambo moja, kutoka ushahidi hadi badiliko hadi kupima tena. Mzunguko mmoja wa namna hiyo uliofungwa ningeupa uzito kuliko mapendekezo 20 yaliyoachwa hewani, na sijawahi kukutana na mtathmini mwenye akili timamu anayebisha.

Kuna tahadhari moja, kwa sababu namba hudanganya kwa adabu sana. Kabla hamjaiamini ile 51, hakikisheni watathmini wenu wanaona kitu kimoja. Katika chuo kimoja tulirekodi kipindi cha mwanafunzi kwa simu, dakika 40, tukawaonyesha wahadhiri wote, kila mmoja akajaza fomu yake bila kunong'ona. Mmoja alitoa 54, mwingine 79. Kipindi kilekile. Aliyetoa 79 alikuwa mtu wa Kiswahili, akapendezwa na lugha ya yule binti. Aliyetoa 54 alikuwa mtu wa saikolojia ya elimu, akaona wavulana watatu wa nyuma hawakushika kalamu tangu mwanzo. Wote wawili walikuwa sahihi, na fomu ndiyo iliyokuwa na kosa, maana haikusema "ushirikishwaji" mzuri unaonekanaje. Tukatumia asubuhi nzima kuandika maelezo mafupi kwa kila kipengele: ukiona hivi toa 2, ukiona hivi toa 4. Fanyeni zoezi hilo kila mwaka kabla watathmini hawajapanda mabasi. Gharama yake ni chai na vitafunwa.

Nikiwa bado kwenye TP, fanya hesabu hii ndogo. Kwa mfumo wa TCU krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya kwanza haipungui krediti 360. Ikiwa TP yenu ni wiki 8 na mwanafunzi anafanya kazi saa 40 kwa wiki, hizo ni saa 320, yaani krediti 32. Angalia mtaala wenu umeipa ngapi. Nimeona mitaala mingi inayoipa TP uzito wa kozi moja ya kukaa na kusikiliza, halafu chuo hichohicho kinaandika kwenye utangulizi kwamba vitendo ndio moyo wa programu. Hilo ni la kusahihisha kwenye mapitio haya, maana katikati ya mzunguko halisahihishiki kirahisi.

Na hapa watu wengi wanachanganyikiwa: nini kinaweza kubadilishwa kila mwaka na nini kinasubiri? Kazi za wanafunzi, mifano, vitabu vya kusoma, mbinu, mpangilio wa mada ndani ya kozi, fomu ya TP: hivyo ni vya idara na Bodi ya Kitivo, badilisheni hata kesho, ila kumbukumbu ya kikao iwepo. Jina la programu, muda wake, sifa za kujiunga, kuongeza au kufuta kozi za lazima, kuhamisha krediti: hivyo ni vya Seneti, na msivitekeleze kabla kurugenzi yenu ya uhakiki ubora haijawaambia kama vinahitaji idhini ya TCU. Anayebadilisha vya kundi la pili kimyakimya ndiye anayekuja kuzalisha wanafunzi wenye transkripti zisizofanana na mtaala.

Mfano ulio hai upo mezani kwenu. Mitaala mipya ya shule ilianza kutekelezwa Januari 2024, na ndani yake kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Programu yako inaandaa walimu wa historia kwa Kiingereza kitupu, sivyo? Basi kijana aliyesoma miaka mitatu kuhusu "colonial economy" anasimama mbele ya kidato cha kwanza akitafuta neno. Hamhitaji kusubiri miaka mitano kumsaidia. Mwaka huu mhadhiri wa mbinu za kufundisha historia anaweza kuamua kwamba nusu ya mazoezi ya kufundishana darasani yafanyike kwa Kiswahili, na wanafunzi watayarishe orodha ya istilahi kwa kila mada. Swali la kama programu iwe na kozi kamili ya somo hilo, hilo ndilo lipelekwe kwenye mapitio. Wakikuuliza wataalamu mmeitikiaje mitaala mipya, una la kuonyesha.

Wazo la kutoa hesabu kila mwaka badala ya kusubiri mzunguko si letu peke yetu. Marekani chombo cha ithibati ya programu za ualimu, CAEP, kilichozaliwa 2013 kwa kuunganisha vyombo viwili vya awali, NCATE na TEAC, kinatoa ithibati ya miaka saba, lakini kila mwaka chuo kinatakiwa kuweka hadharani kwenye tovuti yake takwimu za mambo manne: wahitimu wanaleta tofauti gani kwa wanafunzi wanaowafundisha, waajiri wanasemaje, wanafunzi wana umahiri gani wanapohitimu, na wana uwezo gani wa kuajiriwa katika kazi waliyoandaliwa. Dosari ndogo wanaifuatilia kupitia taarifa za mwaka. Kubwa lazima irekebishwe ndani ya miaka miwili, la sivyo ithibati iko hatarini. Siwaigi kwa kila kitu. Wana ofisi zenye watu wanaofanya kazi ya takwimu peke yake, ninyi mna wahadhiri 11 na mmoja wao huenda yuko masomoni. Lakini yale maswali manne yanabebeka, hata kwa daftari.

Tuchukue la wahitimu. Nani kati yenu anajua waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi? Utaniambia wengi hawajaajiriwa na serikali, na ni kweli. Wapo wanaofundisha shule binafsi, wapo wanaojitolea kwa posho ya wazazi, wapo wenye duka la vifaa vya shule. Msitume dodoso la kurasa kumi kwa baruapepe. Hazijazwi, na zinazojazwa hujazwa na waliofanikiwa. Makundi ya WhatsApp ya madarasa yao bado yapo, na kila darasa lina yule mmoja anayejua habari za wote. Anzia hapo. Kisha chagua 15 wanaofundisha popote pale, katika wilaya mbili tatu zinazofikika, uwatembelee wakati wa TP mkiwa huko tayari kwa gari hilohilo. Keti nyuma ya darasa kipindi kimoja. Muulize mkuu wa shule swali moja tu: walimu wetu wakifika hapa, kitu gani unalazimika kuwafundisha wewe? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko asilimia za kuridhika.

Zile fomu za wanafunzi za kutathmini wahadhiri hazina mengi. Zinakwambia nani hafiki darasani na nani anachelewesha matokeo, na hayo mawili yashughulikieni bila kuchelewa. Zaidi ya hapo, usijenge nyumba juu yake.

Kuhusu mshauri, sitasema mkuu wa kitivo amekosea, maana najua anakotoka: muda hamna, na ripoti ni ndefu. Mshauri mzuri ataandika vizuri kuliko ninyi. Shida inakuja siku ya mahojiano, mtathmini anapomuuliza mhadhiri wa mwaka wa kwanza kuhusu sehemu ya tatu ya ripoti, naye anaifungua kama anayefungua barua ya jirani. Kuandika yote wenyewe nako kuna hasara yake: mtakuwa wapole kwa makosa yenu, na mambo mliyoyazoea hamtayaona. Ningekuwa wewe ningepita katikati. Andikeni wenyewe, kila sehemu iwe na mwenyewe aliyetajwa jina, na fedha ndogo iliyopo mtumie kumwita mtu mmoja au wawili kutoka kitivo cha elimu cha chuo kingine kwa siku mbili, waje wawasome kama wageni halisi, miezi minne kabla. Wapo wahadhiri waliofundwa na IUCEA kwa kazi hiyo hasa. Wapeni ripoti, wanafunzi wa kuzungumza nao, na kabati lenye fomu. Wakiondoka mtakuwa na orodha ya aibu ndogondogo na muda wa kuzirekebisha.

Yapo mambo ambayo hata mimi kwa barua siwezi kukusaidia, na usikae nayo ofisini kwako. Ukikuta mmedahili zaidi ya nafasi mlizoidhinishiwa. Ukikuta somo la kufundishia, tuseme Jiografia, halina mhadhiri hata mmoja wa kudumu mwenye sifa. Ukikuta ile barua ya idhini haipo kabisa au jina halifanani. Au ukikuta alama za TP za wanafunzi ambao hakuna aliyekwenda kuwaona, basi nenda ana kwa ana kwa mkurugenzi wa uhakiki ubora wa chuo, na kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, ukiwa na maandishi mkononi. Hayo hayamalizwi na mratibu, wala hayapaswi kuandikwa kwenye ripoti kabla uongozi haujayajua. Mara nyingi chuo kinachokwenda TCU chenyewe kueleza tatizo na mpango wake husikilizwa. Na kwa hilo la mwisho, la alama bila mtathmini, usikubali kuombwa "ulisawazishe".

Wiki hii basi, barua ya idhini na kabati. Fomu 40 usizichague kwa macho, utajikuta umechukua zilizoandikwa vizuri; kama mwaka jana walikwenda TP 430, chomoa kila ya kumi, utapata 43. Mwite mhadhiri wa Upimaji na Tathmini akae nawe wakati wa kuhesabu. Akiiona namba ya kozi yake akiwa ameihesabu mwenyewe, mazungumzo yatakayofuata yatakuwa tofauti kabisa na kama angeisikia kwenye kikao cha kitivo. Kama TP yenu ya mwaka huu inaanza Julai, fomu mpya yenye maelezo ya alama ipite Bodi ya Kitivo kabla Mei haijaisha, ili mwezi Juni mpate asubuhi moja ya kutazama kipindi kwenye simu, wote 11, na chai.